Nilimsomea Mjomba ukurasa wa kwanza, Mama akapunguza vidonge

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 27. Naishi na mamangu Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, na kila asubuhi naenda Shimanzi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Nina shahada ya biashara. Kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu, na aliyenifikisha ni mjomba wangu, kaka yake Mama. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na tangu siku hiyo Mjomba ndiye aliyelipa karo mpaka nikavaa joho. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, maana shida yangu yote imefungika hapo.

Mama ana sukari, huu ni mwaka wa tisa. Anahudhuria kliniki, anameza metformin, vidonge vya kushusha sukari, asubuhi na jioni, na ana vidonge vya presha pia. Si mgonjwa wa kulala. Alfajiri huwa jikoni anachoma mahamri ya kuuza, na majirani wanayajua mahamri yake.

Miezi miwili iliyopita, Ijumaa baada ya swala, Mjomba alikuja nyumbani na karatasi zilizobanwa pini. Alipewa na rafiki yake wa barazani. Ilikuwa makala ya utafiti ya mwaka 2010 kutoka Saudi Arabia, imechapishwa kwenye jarida la kisayansi la India, kuhusu habbat soda na ugonjwa wa sukari. Kiingereza cha Mjomba ni cha kazini, si cha makala kama zile. Akanikabidhi mbele ya jamaa wote, akasema, "Wewe ndiye msomi wetu. Tusomee, utwambie wamesema nini."

Nilisoma ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, palepale, kikombe cha kahawa mkononi. Watu 94 wenye sukari waligawanywa makundi matatu: wa gramu moja ya habbat soda kwa siku, wa gramu mbili, na wa gramu tatu, kwa muda wa miezi mitatu. Waliotumia gramu mbili sukari yao ilishuka, na kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, kilipungua kwa 1.52. Pembeni pameandikwa P<0.0001. Chuoni nilikariri kwamba P ikiwa ndogo namna hiyo, jambo limethibitika. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Utafiti umethibitisha. Habbat soda inashusha sukari."

Mjomba alisema Allahu akbar, akakumbusha hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba habbat soda ni dawa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Mama hakusema kitu. Kesho yake Mjomba alileta chupa ya mafuta ya habbat soda kutoka Marikiti. Mama akaacha kidonge cha jioni, akawa anakunywa kijiko cha mafuta badala yake.

Wiki mbili za kwanza mashine ilitufurahisha. Asubuhi kabla ya kula alikuwa akipata 8.4, ikashuka hadi 6.9. Mama alipata moyo hata akaacha kuonja mahamri yake, na chai akawa anakunywa kavu bila sukari. Mjomba alisimulia baraza zima. Lakini mwezi huu naona 9, naona 10, na Jumatatu iliyopita 11.8. Mama anasema ni uchovu. Usiku anaamka mara tatu kwenda msalani.

Wiki iliyopita niliitafuta ile makala nikaisoma yote, taratibu, na kamusi kando. Nikaona kwamba hakukuwa na kundi lisilopewa habbat soda. Kila mtu alipewa. Waliotumia gramu tatu hawakupata nafuu kuwashinda wa gramu mbili. La tatu ndilo lililonitoa jasho: habbat soda iliongezwa juu ya dawa zao za kawaida. Hakuna aliyeambiwa aache kidonge. Na jambo hilo limo kwenye ukurasa wa kwanza, ule ule niliousoma nikiwa na kahawa mkononi. Nililipita.

Sasa nimekwama. Nikimwambia Mjomba tumekosea, ataona alinisomesha ili nije nimuumbue. Watu wa barazani wataona napinga hadithi, na mimi siipingi. Nikimnong'oneza Mama arudie kidonge kimyakimya, Mama hajawahi kumficha kakaye kitu. Nimefikiri ningoje tarehe ya kliniki, wiki tano kutoka sasa, daktari ndiye aseme. Lakini Mjomba haipendi hospitali tangu kaka yao mkubwa alipokatwa mguu kwa ajili ya sukari, akafariki mwezi huohuo. Neno la daktari halitamtosha. Anayemsikiliza ni mimi.

Halafu najiuliza, mimi ni nani? Walioandika ni maprofesa, na jarida limewachapisha. Mimi kazi yangu ni karatasi za makontena. Huenda mimi ndiye sikuelewa.

Binti wa Kibokoni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo siwezi kulichanganya na mengine, kwa hivyo nalitanguliza. Sukari ya 11.8 kabla ya kula, na mama anayeamka usiku mara tatu, si mambo ya kungojea wiki tano. Nendeni kliniki wiki hii, mweleze kwamba vipimo vimepanda. Beba daftari la vipimo, vidonge vyote, na ile chupa ya mafuta, kwa sababu daktari anahitaji kujua kila kitu anachotumia mtu mwenye sukari na presha. Akianza kutapika, kupumua kwa kasi au kuchanganyikiwa, hapo ni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Kidonge cha jioni kirudi vipi na lini, waulize wao. Mimi sina faili lake mbele yangu.

Sasa tuzungumze mimi na wewe.

Unavyoliona jambo hili, upande mmoja kuna makala iliyowapoteza, na upande wa pili kuna mjomba aliyeiamini, na wewe uko katikati unatakiwa umwambie mzee aliyekulea kwamba karatasi yake haifai. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nabaki na swali: ni nani hasa aliyesema Mama apunguze vidonge? Makala haikusema. Waandishi wamemalizia kwa kusema kwamba gramu mbili kwa siku huenda zikafaa kama nyongeza ya dawa za kumeza. Maneno mawili yaliibeba sentensi hiyo: "huenda" na "nyongeza". Wewe ulipotamka "utafiti umethibitisha", la kwanza lilidondoka. Chupa ilipokuja kukaa mahali pa kidonge, la pili nalo likadondoka. Wale maprofesa walikuwa wanyenyekevu kuliko sisi tuliowasoma.

Nakwambia hivi si kukuongezea majuto. Nataka uone kwamba huenda huna haja ya kuipiga vita makala ya Mjomba. Ukiisoma mpaka mwisho, inakutetea wewe.

Turudi kwenye yale uliyoyaona mwenyewe, maana umeyapitia haraka kama mtu asiyejiamini.

Umesema hakukuwa na kundi lisilopewa habbat soda. Hilo ndilo swali zito kuliko yote katika kusoma utafiti wa dawa: ikilinganishwa na nini? Na jibu la kwa nini ni zito umeliandika wewe, pengine bila kukusudia. Wiki mbili zile sukari ya Mama iliposhuka, alikuwa anakunywa mafuta, lakini pia alikuwa ameacha kuonja mahamri na chai yake haina sukari. Kipi kilishusha? Huwezi kujua, wala mimi siwezi. Sasa wachukue watu 94 waliojua wako kwenye utafiti, wanaitwa kupimwa kila baada ya wiki kadhaa, wanaulizwa hali. Wangapi kati yao walianza kumeza vidonge vyao kwa uaminifu zaidi? Wangapi waliacha mahamri ya kwao? Tena kuna watu ambao siku wanayoingia kwenye utafiti sukari yao iko juu kuliko kawaida yao. Wewe ni mtoto wa pwani, unajua: ukipima kina cha maji wakati wa bamvua yamejaa, ukarudi baadaye, utayakuta yameshuka, na hukufanya lolote.

Ukiwa na kundi la pili linalopita katika hayo yote isipokuwa habbat soda, unatoa lile la pili kwenye lile la kwanza, na kinachobaki ndicho unachoweza kuipa mbegu sifa. Bila kundi hilo umebaki na kabla na baada tu.

Nawe usiwadhulumu waandishi. Makundi matatu ya vipimo tofauti ni ulinganisho wa aina fulani. Wa gramu moja walionyesha dalili ya nafuu tu, haikuwa tofauti ya kutegemea kitakwimu. Wa gramu mbili walionyesha nafuu ya wazi. Hilo linawapa waandishi uzito kidogo. Kwamba gramu tatu hazikuzidi mbili, huenda mwili una kikomo chake, na huenda pia ni bahati nasibu katika makundi yenye watu wachache. Makala moja haiwezi kutuamulia lipi kati ya hayo.

Ile P iliyokutisha nayo, hebu tuipe kazi yake halisi. Inajibu swali moja dogo: kama hakuna kilichobadilika kwa kweli, bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa namna hii, au zaidi, mara ngapi? Ikiwa ndogo sana, basi kuna kitu kimebadilika. Haikwambii ni nani aliyekibadilisha. Mahamri yaliyoachwa yanaweza kuleta P ndogo vilevile.

Na lipo jingine hukulitaja. Wale washiriki walimeza kapsuli zilizopimwa gramu. Mama anakunywa mafuta kwa kijiko. Hata kama makala ile ingekuwa haina dosari hata moja, haikuipima chupa iliyo jikoni kwenu.

Miaka mitano baadaye, hukohuko Saudi Arabia, ulichapishwa utafiti mwingine wa habbat soda, na safari hii kundi la ulinganisho lilikuwepo. Watu 114, mwaka mzima. Wengine walipewa habbat soda gramu mbili kwa siku, wengine mkaa wa dawa ambao haushushi sukari, na washiriki hawakujua wanachomeza. Wote waliendelea na dawa zao. Mwisho wa mwaka, HbA1c ya wa habbat soda ilitoka 8.6 ikafika 8.2, na ya wale wa mkaa ilipanda kutoka 8.2 hadi 8.5. Ni watu wengine na muda mwingine, kwa hivyo usiziweke namba hizi bega kwa bega na zile za mwanzo kana kwamba ni shindano. Lakini ona lilivyokaa: ipo nafuu, ni ya kiasi, na inakaa juu ya vidonge. Nakuletea habari hii kwa sababu mtu anayesoma kwa haki hatafuti dosari peke yake. Huenda Mjomba hakukosea kuipenda habbat soda.

Unauliza wewe ni nani. Kutoka kwenu hadi Kilifi ni mwendo wa matatu moja. Watafiti wa pale, pamoja na hospitali nyingine za Kenya, Uganda na Tanzania, waliuliza swali lako hilohilo kuhusu dripu. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri awekewe maji mengi kwa haraka. Ilionekana wazi mno hata kuuliza ikawa kama utovu wa adabu. Wao wakauliza: ikilinganishwa na nini? Walisajili watoto 3,141, wakawagawanya kwa bahati nasibu, na matokeo yakatoka mwaka 2011. Katika saa 48 za kwanza, makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka yalipoteza watoto asilimia 10.6 na 10.5. Kundi lisilopewa maji hayo lilipoteza asilimia 7.3. Hawa hawakuwa watoto wa kuhara, hao wana tiba yao. Lakini fikiria ni madaktari wangapi wazuri, wenye huruma, waliokuwa wakiharakisha dripu kwa nia njema. Kila ninapokumbuka namba zile nashikwa na uchungu, na pia nashukuru kwamba mtu fulani alithubutu kuuliza.

Kwa hivyo swali lenyewe halihitaji uprofesa. Kinachohitaji elimu zaidi ni jibu, na hapo unyenyekevu wako uko mahali pake.

Kuhusu muhuri wa jarida, mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha habari ya mwandishi wake John Bohannon, aliyetunga makala bandia yenye makosa ya wazi akaituma kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Sisemi jarida lililochapisha ile makala ya Mjomba ni la namna hiyo. Nasema kuchapishwa ni mlango wa kuingilia tu, na msomaji bado ana kazi ndani ya nyumba.

Hapa nina wasiwasi kidogo juu yako, nao nautoa kwa mapenzi. Mtu akishajifunza kuona dosari, huziona kila mahali, na mara nyingi huziona upesi zaidi kwenye karatasi asiyoipenda. Miezi miwili iliyopita makala ilikupendeza ukaisoma nusu. Sasa imekutia hofu, umeisoma na kamusi. Je, vidonge vya Mama umewahi kuviuliza maswali hayohayo? Viulize, vitajibu. Uingereza, katika utafiti uliotolewa mwaka 1998, watu 753 wenye sukari na uzito mkubwa waligawanywa kwa bahati nasibu; 342 walipewa metformin na waliobaki wakafuata matibabu ya kawaida, hasa chakula. Walifuatiliwa kwa karibu miaka 11. Vifo vitokanavyo na sukari vilikuwa pungufu kwa asilimia 42 katika kundi la metformin. Nao si mkubwa sana, na wataalamu wameuhoji kwa miaka. Lakini ulihesabu nini? Ulihesabu vifo, mioyo, macho, na viungo vilivyokatwa. Utafiti wa habbat soda ulipima namba ndani ya damu. Namba ni muhimu, lakini aliye nyumbani kwenu anaogopa mguu.

Umeandika juu ya mguu huo sentensi moja tu, karibu na mwisho, ukapita. Mimi nimesimama hapo. Mjomba alimwona kaka yake akiingia hospitali na miguu miwili, akatoka na mmoja, na kabla ya mwezi kwisha akamzika. Sasa dada yake ana maradhi yaleyale. Mwenye kovu usidhani kapoa. Zile karatasi alizoleta Ijumaa, je, alizileta kama mtu anayetaka kushinda hoja, au kama mtu anayetafuta njia yoyote isiyopita kwenye mlango ule? Sijui, simjui Mjomba wako. Unamjua wewe. Ila majibu hayo mawili yanataka mazungumzo mawili tofauti.

Kuhusu hadithi, mimi si mwanachuoni, na nakusihi usiifanye sehemu ya ubishi. Utafiti wa watu 94 hauna uwezo wa kuithibitisha wala kuikanusha, na yeyote anayeitumia makala kwa kazi hiyo ameipa mzigo usio wake. Ikiwa unahisi Mjomba atalipeleka huko, imamu wenu wa msikiti anaweza kuwa msaada kuliko mimi. Wengi wetu tumefundishwa pia kumfunga ngamia kisha tukatawakali, na sijamsikia sheikh akiwaambia watu wapunguze dawa bila daktari kujua.

Mjomba akisema hospitali inadharau miti, mwelezee chanzo cha metformin. Ilitokana na uchunguzi wa mmea wa Ulaya unaoitwa Galega officinalis, na daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyechapisha matumizi yake kwa wagonjwa wa sukari mwaka 1957. Ugomvi kati ya mti na kidonge mara nyingi ni wa kwetu tu.

Sasa njia ulizozitaja. Kumnong'oneza Mama kunamkinga haraka, lakini kunamtwika siri dhidi ya kakaye, na siku itakapofichuka Mjomba ataumia mara mbili, kwa kukosea na kwa kufichwa. Kumwachia daktari kunakuondolea wewe aibu. Lakini umesema mwenyewe kwamba sauti hiyo Mjomba haisikii, na akiona imeletwa ghafla anaweza kujifunga zaidi. Kusimama barazani ukatengua maneno yako ambayo Mjomba aliyasimulia huko kuna uadilifu wake, maana yamewafikia wengi, na huenda nyumba nyingine nayo imepunguza kidonge kwa maneno yako. Hilo ulifikirie usiku mmoja au miwili. Ila mzee kusikia kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake ni jambo zito, hasa mzee huyu.

Ipo njia ambayo hukuitaja, ya kukaa naye peke yenu na karatasi zilezile. Si kumhutubia, bali kumsomea upya. "Mjomba, ile siku nilikusomea ukurasa mmoja, tena kwa pupa. Niwie radhi. Nataka nikusomee yote." Kosa unalolikiri hapo ni lako, na ni la kweli. Kisha usome ile sehemu ya dawa kuendelea, kwa sauti, umwache yeye alisikie neno "nyongeza". Hatari yake ni kwamba anaweza kukuuliza, "Basi siku ile ulikuwa unatusomea nini?" na swali hilo litakuchoma, wala sina dawa yake. Anaweza pia kunyamaza akaondoka. Mzee akinyamaza si lazima awe amekataa.

Na kabla ya Mjomba, kabla ya imamu, yuko mtu ambaye katika barua yako yote ana sentensi chache sana. Siku ile "Mama hakusema kitu". Sasa "Mama anasema ni uchovu". Kuna aliyemuuliza? Huenda aliacha kidonge kwa kuiamini habbat soda. Huenda kidonge cha jioni kilikuwa kinamsumbua tumbo, jambo la kawaida kwa metformin, akapata sababu ya kukiacha ambayo haimvunjii mtu heshima. Huenda aliona wewe na kakaye mmekubaliana, akaona hapana nafasi ya neno lake. Kila jibu kati ya hayo linabadilisha utakachokwenda kumwambia Mjomba, na hata utakachomwambia daktari. Mkute jikoni alfajiri, anapochoma mahamri, kaa naye, umuulize.

Ukiwa tayari niandikie, unieleze kliniki walisemaje na Mama alikujibu nini. Mpe salamu zangu.